Ribosomu inasaidiaje umetaboli wakati yenyewe haichomi sukari wala mafuta?

mdadisi_wa_seli
Wakuu habari za saa hizi. Kuna kitu kimenikwamisha, najua kwa wengine humu ni chepesi ila mnivumilie. Kwenye notisi zangu imeandikwa ribosomu (kile kichembe kidogo ndani ya seli) "hutengeneza protini na kusaidia umetaboli wa mwili", basi, imeishia hapo. Hiyo ya protini sina shida nayo sana, DNA inanakiliwa kuwa mRNA (nakala ya maelekezo), mRNA inatoka kwenye kiini, ribosomu inaisoma na protini inatoka. Sasa umetaboli, yaani kazi za kikemia za seli kuvunja chakula na kujenga vitu, ndo sielewi, maana sukari inachomwa saitoplazimu na mitokondria, mafuta nayo yana njia zake, ribosomu inaingilia wapi? Au ni maneno ya kujazia karatasi tu? Alafu swali la pili, protini ninayokula si tayari ni protini, kwanini mwili ujisumbue kutengeneza nyingine?

Kimengenya
Si ya kujazia mkuu, ila aliyeandika kakata sana maneno. Chukua glukosi. Ikiingia kwenye seli haijichomi yenyewe, inavunjwa kwa hatua 10 mpaka iwe pairuveti, na kila hatua ina kimeng'enya chake (kifaa kinachoharakisha badiliko hilo), ukikitoa kimoja tu mlolongo mzima unakwama palepale. Sasa hivyo vimeng'enya vyote ni protini na kila kimoja kilitungwa na ribosomu. Hata mlango ambao glukosi imepitia kwenye utando wa seli ni protini, na insulini inayoamrisha milango iongezwe kwenye misuli nayo ni protini. Kwahiyo ule mchoro wa njia za umetaboli wenye mishale mia usiitafute ribosomu humo, hutaiona, ila karibu kila mshale pale una kimeng'enya nyuma yake na kimeng'enya kimetoka kwake.

Swali la pili, hiyo protini unayokula ilitungwa kwa kazi za kiumbe kingine, sio zako. Tumbo na utumbo vinaikatakata mpaka zinabaki amino asidi, ni kama umepewa mkufu wa shanga, unakata uzi unamwaga shanga zote alafu unatunga wa kwako kwa mpangilio wako. Shanga zenyewe ni aina 20, na kwa mtu mzima 9 kati ya hizo mwili hauwezi kuzitengeneza, lazima zitoke kwenye chakula.

fundi wa maabara
Kimengenya kamaliza vizuri ila naomba niongezee upande wa pili maana watu wengi wanausahau. Ribosomu haitoi tu vifaa vya umetaboli, yenyewe pia ni mlaji mkubwa wa nishati, labda mkubwa kuliko wote kwenye seli inayokua haraka.

Angalia inavyofanya kazi. mRNA inasomwa herufi tatu tatu, jumla michanganyiko 64, kati ya hiyo 61 inataja amino asidi na mitatu ni ya kusimamisha kazi. Kuanza kwa kawaida ni AUG. Ribosomu ina vyumba vitatu, A, P na E. Kila amino asidi inabebwa na tRNA yake (RNA ndogo ya kubebea), inaingia chumba A, mnyororo uliopo chumba P unahamishiwa juu yake, ribosomu inasogea hatua moja, tRNA iliyobaki tupu inatokea chumba E, inaingia nyingine, hivyo hivyo mpaka mwisho. Kwenye bakteria ni kama amino asidi 15 hadi 20 kwa sekunde, kwetu sisi ni taratibu zaidi, karibu 5. Sasa gharama: kuipakia amino asidi kwenye tRNA ni sawa na kutumia ATP mbili (ATP na GTP ni molekuli zinazobeba nishati ya seli), kuiingiza A ni GTP moja, kusogea hatua ni GTP nyingine. Yaani vifungo vinne vya nishati kwa shanga MOJA, na mnyororo mmoja tu wa hemoglobini aina ya beta una shanga 146, piga hesabu mwenyewe. Ndo maana seli ikiishiwa amino asidi au nishati inabana haraka sana upande huu, kuna protini inaitwa mTOR inasikilizia hali ya chakula, hali ikiwa mbaya inatulia na ribosomu nyingi zinapunguza kazi.

Jambo jingine ambalo mimi binafsi huwa linanifurahisha, anayeunganisha shanga pale ndani sio protini, ni RNA ya ribosomu yenyewe. Hilo lilionekana wazi picha za umbo lake zilipopatikana mwaka 2000, na 2009 Ramakrishnan, Steitz na Ada Yonath wakapewa Nobel ya kemia kwa kazi hiyo.

mzee wa gym
Kwahiyo nikila protini mara mbili ribosomu zinafanya kazi mara mbili, misuli inajaa? 😂

Kimengenya
Hapana bana. Ribosomu inasoma mRNA iliyopo, haitungi kitu kwa sababu shanga zimejaa ghalani. Zikizidi mahitaji, ini linaondoa naitrojeni inakuwa urea unaikojoa, kilichobaki kinachomwa au kinageuzwa sukari na mafuta. Msuli unahitaji kwanza usumbuliwe na mazoezi.

mdadisi_wa_seli
Aisee sasa naona mwanga. Ila mmenizalishia swali jingine, seli nyekundu za damu hazina kiini, hazina mitokondria, na nimesoma hata ribosomu hazina. Mbona zinaishi siku 120 na umetaboli zinao?

fundi wa maabara
Swali zuri hilo, na ndo ushahidi wenyewe. Seli nyekundu ilipokuwa changa kwenye uboho ilikuwa imejaa ribosomu, ikatunga hemoglobini na vimeng'enya vyote vya kuvunja glukosi. Ikiingia kwenye damu bado inabaki na ribosomu chache kwa siku moja au mbili, alafu zinaisha. Kuanzia hapo inaishi kwa akiba. Glukosi inavunja kama kawaida maana vimeng'enya vipo, ila kimeng'enya kikichakaa hakuna wa kutunga kingine, vinapungua mdogo mdogo, utando unakakamaa, mwisho wengu na ini vinaiokota. Seli ya ini yenye ribosomu zake ingejikarabati tu ikaendelea.

mdadisi_wa_seli
Kumbe inakula mtaji mpaka unakata. Asanteni wakuu, naenda kuifuta ile sentensi kwenye notisi niiandike upya.