Namba inahama, pesa haihami: kampuni za simu zikiungana, mteja ana uhuru gani?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Nina hoja moja, na naomba tuijadili bila ushabiki wa rangi za mitandao.

Kampuni mbili za simu zikiungana tunapewa jibu lilelile: asiyeridhika ahame na namba yake. TCRA, wadhibiti wa mawasiliano hapa Tanzania, walianzisha huduma ya kuhama mtandao bila kubadili namba Machi 2017, Kenya wakiwa wametangulia Aprili 2011. Sasa nauliza: nani kati yenu amewahi kuhama? Sisemi kununua laini ya pili na kuipachika kwenye simu ya laini mbili, hiyo wote tunayo. Nasema kuhama na namba ileile ambayo shemeji, mwenye nyumba na benki wanaijua.

Nadhani watakaonyoosha mkono ni wachache, na sababu si ubovu au uzuri wa mtandao. Namba siku hizi ni akaunti. Kabla hujahama unatakiwa utoe pesa yote iliyomo, ulipe mkopo wa simu unaodaiwa, kama Songesha au Nivushe, na vocha iliyobaki uimalize au uisahau. Ukifika upande wa pili unafunguliwa akaunti ambayo haikujui kabisa. Kikomo cha mkopo ulichokipandisha kidogo kidogo kwa miaka kimebaki ulikotoka, na wewe unahesabiwa sawa na kijana aliyesajili laini jana jioni. Mama ntilie mwenye lipa namba, ile ya kupokelea malipo ya wateja, iliyobandikwa ukutani, juu ya sufuria ya wali, itabidi aibandue, aombe nyingine, kisha aanze kuwaelewesha wateja wake mmoja mmoja saa saba mchana foleni ikiwa imefika barabarani. Nani ana muda huo?

Chukueni mfano wa hapahapa. Mwaka 2015 Millicom, waliokuwa wenye Tigo, walinunua asilimia 85 ya Zantel, mtandao wa Zanzibar, kutoka Etisalat kwa dola 1, wakabeba na deni la dola milioni 74. Asilimia 15 ikabaki kwa Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Mwaka 2019 Tigo na Zantel zikawa kampuni moja. Mwaka 2022 Millicom wakaondoka, wakaingia kampuni ya Axian. Novemba 2024 tukaamka tukaambiwa ni Yas, na Tigo Pesa ni Mixx. Mtu wa Unguja aliyeshika namba yake ya 0777 muda wote huo ameuzwa mara mbili na kubatizwa upya, yeye mwenyewe hajahama popote.

Hoja yangu: mdhibiti asikubali kampuni zozote ziungane mpaka zikubali kwamba mteja anayeondoka anaondoka na historia yake ya pesa, pamoja na namba. Bila hivyo, huo uhuru wa kuhama tunaoambiwa ni wa kwenye vipeperushi tu.

Fundi minara

Mkuu, nakuunga mkono kwenye pesa, ila umeruka mtandao wenyewe kana kwamba yote ni yaleyale. Mimi napanda minara kwa kazi. Watu wanahama kwa hasira, wanarudi kwa aibu, kwa sababu hawajui walichokihama.

Kwanza, mnara wenyewe mara nyingi si wa mtandao wako. Helios Towers, kampuni ya minara, waliichukua minara ya Tigo kuanzia 2010, wakaongeza ya Vodacom 2013. Kwa hiyo unaweza kukuta antena za washindani wawili zinaning'inia kwenye chuma kimoja. Kampuni zikiungana, kazi ya kwanza tunayotumwa ni kwenda kuzima vinavyojirudia. Aliyekuwa katikati anapata unafuu, maana masafa ya kampuni mbili sasa yanamhudumia yeye. Aliyekuwa chini kabisa ya mtambo uliozimwa anaona vipau vinashuka kutoka vinne hadi viwili, na hakuna atakayempigia kumweleza kwa nini.

Pili, masafa. Mawimbi ya chini, kama 700, 800 na 900 MHz, yanafika mbali na yanapenya ukuta wa tofali. Ya juu, kama 2600 na 3500, yanabeba data nyingi lakini hayafiki mbali, na ndani ya nyumba yanachoka upesi. TCRA walipofanya mnada Oktoba 2022 waliuza ya 700, 2300, 2600 na 3500, ya mbali na ya karibu kwa pamoja. Mtu wa Kariakoo na mtu wa Mpwapwa hawawezi kupewa ushauri mmoja. Ukisikia jirani anasifia 5G yake, muulize amesimama wapi na simu yake ni ipi.

Na hapo kwenye simu ndipo wengi wanapoangukia. Fanya hivi: washa data, angalia kona ya juu imeandikwa 4G, halafu mwambie mtu akupigie. Kama 4G inageuka H (yaani 3G) au E (yaani 2G) wakati mnaongea, basi simu yako haipigi kupitia 4G kwenye mtandao huo. Inashuka kwenye mitambo ya zamani kuchukua sauti, na video yako inaweza kuganda mpaka ukate. Hamia mtandao wenye minara mizuri kuliko yote Tanzania, simu ikiwa haina masafa yake utapata H tu na utautukana bure. Kwa hiyo kabla ya kuhama azima laini ya mtu, ilaze kwenye simu yako siku nzima, na uipime chumbani unapolala. Barabarani mitandao yote ni mizuri.

Wa Unguja

Mie nilitaka kusema moja tu. Zantel haikuuzwa dola moja kwa sababu haina thamani. Ilikuwa na wateja wa visiwa vyote viwili, na ilikuwa na hisa kwenye mkongo wa baharini wa EASSy kupitia kampuni ya WIOCC. Ilikuwa na madeni. Nyie wa bara mnaisimulia kama duka lililofilisika.

Mchangiaji wa Mombasa

Ndugu yangu mleta mada, nakuheshimu lakini hapo kwa historia ya pesa nakupinga moja kwa moja.

Sisi tulijaribu kuhama namba mapema, 2011, ada ilikuwa shilingi 200, na mpango ukafa polepole sababu ya M-Pesa, kweli. Lakini M-Pesa haikuanguka kutoka mbinguni. Safaricom waliianza 2007 wakati wengine walikuwa bado wanashindana kwa bei ya dakika. Waliajiri mawakala, wakafundisha wazee vijijini kutumia PIN, wakabeba hasara za mikopo isiyolipwa hadi wakajua nani anaaminika. Leo unataka maarifa hayo yapewe mshindani bure kwa sababu tu mteja ameudhika? Nani atajenga kitu kipya baada ya hapo?

Tena kuungana kwa kampuni ndogo ndiyo njia pekee ya kumkabili mkubwa. Mnakumbuka mtandao wa Yu ulivyokwisha hapa Kenya 2014: Airtel walichukua wateja, Safaricom wakachukua minara na vifaa. Mkubwa akaongezeka nguvu. Halafu Airtel na Telkom wakatangaza Februari 2019 kwamba wataungana. Masharti, kesi, vikao, hadi Agosti 2020 Telkom wakajitoa. Telkom imepata nini tangu hapo? Serikali ikanunua hisa za Telkom zilizokuwa za Helios, kampuni ya uwekezaji na si ile ya minara, 2022, ikaja serikali nyingine ikabatilisha, na mteja wa Telkom yuko palepale akitafuta mtandao dirishani. Ukiongeza masharti mengine ya kuhamisha data za pesa, hakuna wadogo watakaoungana tena. Watakufa mmoja mmoja.

Wa Houston

Niko Marekani, nachangia kuhusu masharti. T-Mobile na Sprint, kampuni za simu za huku, walikamilisha kuungana 1 Aprili 2020. Majimbo kadhaa yakiongozwa na New York na California yalishtaki, Jaji Victor Marrero akayakatalia Februari mwaka huohuo. Kiufundi ilikuwa ndoa nzuri, na fundi hapo juu atanielewa: T-Mobile walikuwa na 600 MHz inayofika mbali, Sprint walikuwa wamekalia 2.5 GHz nyingi ambayo walishindwa kuitumia ipasavyo. Zikichanganywa unapata 5G inayofika na yenye kasi. Hilo lilitokea, silikatai.

Upande wa pili: Sprint ilikuwa ya teknolojia ya zamani ya CDMA, kama TTCL Mobile ya zamani na Sasatel kwa mnaozikumbuka, zile simu ambazo huwezi kuzitia laini ya mtandao mwingine. Mitambo hiyo ilizimwa Mei 2022. Mwenye simu ya zamani hakuwa na la kuchagua isipokuwa kubadili simu.

Na sharti kubwa lilikuwa kwamba kampuni ya Dish wauziwe Boost, huduma ya Sprint ya kulipia kabla, kwa dola bilioni 1.4, wajenge mtandao wa nne ili ushindani usife. Walijenga kweli. Agosti 2025 kampuni mama, EchoStar, ikakubali kuwauzia AT&T masafa kwa takriban dola bilioni 23. Mtandao wa nne ndiyo umeishia hapo. T-Mobile nao waliahidi kutopandisha bei miaka mitatu, ikapita, na 2024 wakapandisha hata vifurushi vya zamani. Kwa hiyo mleta mada, sharti lako likiwa la ahadi tu, litaisha muda kama hayo.

Mleta mada

Nawashukuru. Nianze na Houston: ndiyo maana sisemi waahidi kujenga mshindani. Mshindani anaweza kuuza vyake akaondoka. Haki ikiwa mkononi mwa mteja haiuziki kwa AT&T.

Fundi, ushauri wa kuazima laini nauchukua. Ila angalia unakonipeleka: umenifundisha kuchagua mtandao bora, nami nimeshaujua, na bado siwezi kwenda kwa sababu ya kikomo cha mkopo.

Ndugu wa Mombasa, umejibu vizuri kuliko wote, ila kuna mambo mawili hukuyagusa. Hapa Tanzania mwaka 2014 Tigo, Airtel na Zantel walikubaliana kutumiana pesa kati ya mtandao na mtandao. Vodacom, aliyekuwa mkubwa, aliingia 2016. Kelele zilikuwa hizihizi: tumejenga kwa jasho letu, mbona tufungue mlango? Wakafungua, M-Pesa haikufa, na sasa Benki Kuu ina mfumo wa TIPS unaopitisha miamala ya benki na simu pamoja. La pili, benki zimekuwa zikipeleka taarifa za wakopaji kwenye taasisi za kumbukumbu za mikopo miaka mingi. Nikihama kutoka benki moja kwenda nyingine, ile mpya inaweza kujua kama nalipa. Kwa nini mkopo wa elfu hamsini wa kwenye simu uwe siri ya biashara kuliko mkopo wa milioni hamsini wa benki?

Na hata kwenu Kenya, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 38, inampa mtu haki ya kupokea data zake na kuzipeleka kwingine. Taarifa kwamba nimelipa deni langu kwa wakati mara zote ni yangu. Mbinu ya kampuni ya kukokotoa alama, hiyo wabaki nayo.

Mchangiaji wa Mombasa

Kifungu nakijua. Ila haki ya kubeba taarifa si haki ya kukopeshwa. Airtel wakiletewa historia yangu ya Fuliza, mkopo wa M-Pesa, wanaweza kuisoma, wakanishukuru, na bado wakaniweka chini kabisa. Utawalazimisha wanikopeshe? Na kama hutawalazimisha, sharti lako limebadilisha nini kwa huyo mama ntilie?

Mleta mada

Siwalazimishi kukopesha. Nawalazimisha kutokuwa na kisingizio cha kutonijua, na mteja mwenye rekodi safi watamgombea wenyewe, ndivyo biashara ilivyo. Kwa mama ntilie nataka kitu kidogo zaidi: lipa namba isajiliwe kwa jina lake, na ahame nayo kama anavyohama na namba ya simu.

Fundi minara

Hiyo ya lipa namba inawezekana kiufundi. Tuanze na hiyo, ya mikopo mtabishana mpaka 6G.