Mrejesho: Hatimaye nimefika Rubondo

Niliwahi kuomba ushauri kuhusu kwenda Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Rubondo, safari niliyoitamani tangu nikiwa mwanafunzi, huku nikihofia kuiacha biashara yangu ya dagaa pale Mwaloni, Kirumba. Nawashukuru kwa dhati mlionihimiza, kwani nimekwenda na nimerudi salama.

Kutoka Mwanza tulivuka kwa daraja jipya la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa takriban kilomita 3, mahali ambapo zamani tungesubiri kivuko, kisha tukashika njia ya Geita hadi Nkome na kupanda boti. Sokwe tuliwasikia tu, hatukuwaona. Hao ni wazao wa sokwe walioletwa kutoka Ulaya kati ya mwaka 1966 na 1969, ambao baada ya kuishi kifungoni waliachiwa kisiwani wakajifunza upya kujitafutia chakula msituni, jambo ambalo hadi sasa linanigusa moyo. Nzohe, yule swala apendaye majimaji, nilimwona kwa karibu sana.

Kurudi kazini kumekuwa kugumu, hasa kuamka alfajiri kuwahi mzigo unaoshushwa kutoka visiwani. Hata hivyo, mdogo wangu aliisimamia biashara vizuri na wateja wangu wote wapo. Kwa wale watakaouliza kuhusu gharama, boti ndiyo iliyotumia fedha nyingi zaidi. Nawashauri mwende kikundi ili mgawane nauli.