Kilomita 42 za Moshi na joto hili la Dar: nipunguze mwendo au nikaze?

Mama Wawili Tabata

Wakuu, habari za asubuhi.

Naomba ushauri wa wanaokimbia mbio ndefu. Nimejiandikisha kilomita 42 za Kilimanjaro Marathon, kule Moshi, mwishoni mwa mwezi wa pili. Kilomita 21 nilishamaliza salama, 42 ndiyo mara ya kwanza. Sasa miezi mizito ya mazoezi imeangukia katikati ya kaskazi, na hali ya hewa ya Januari hapa Dar wote mnaijua.

Mwezi wa nane, wakati wa kusi, nilikuwa nakimbia dakika 6 na nusu kwa kilomita huku napiga stori na mwenzangu. Siku hizi nikishikilia mwendo uleule, kilomita ya nane tu moyo unanienda mbio, pumzi inakata, jasho linachuruzika hadi soksi zinalowa na kiatu kinatoa maji kila nikikanyaga. Nikirudi nyumbani kichwa kinauma mpaka jioni, na chakula hakipiti.

Natoka nyumbani saa kumi na moja na nusu alfajiri. Kabla ya hapo siwezi, kwa sababu mwanamke peke yake gizani huku kwetu si salama, na mbwa nao wanakuwa bado wamefunguliwa. Wikendi naenda Coco Beach, napita Daraja la Tanzanite hadi Ocean Road na kurudi.

Aliyenipa programu ya mazoezi yuko Arusha. Anasema nisishushe mwendo hata kidogo, nikaze. Kazini wananiambia nihamie jimu nikimbie kwenye mashine chini ya kiyoyozi. Mume wangu anaogopa nitaanguka barabarani. Nimsikilize nani? Na maji ninywe kiasi gani? Kila mtu ana lake.

Mzee wa Feri

Dada, pole na hongera kwa kuthubutu 42. Mwendo wako haujapotea, ondoa hofu hiyo kwanza.

Mwili unapoa pale jasho linapokauka juu ya ngozi. Linalodondoka chini halikupozi, linakukausha tu. Watu wengi wanadhani alfajiri ya Dar ni nafuu kwa kuwa jua halijatoka. Ni kweli jua halipo, lakini nyuzi joto ziko 25 hivi, na unyevu wa hewa ndiyo saa zake za juu kabisa. Jasho halina pa kwenda. Ndiyo maana viatu vinajaa maji.

Moyo nao unakuwa na kazi mbili. Damu ileile inatakiwa miguuni ipeleke oksijeni, na inatakiwa kwenye ngozi ikatoe joto. Kadiri unavyotoa jasho, maji ya damu yanapungua, kwa hiyo moyo unaongeza mapigo ili kufidia. Dakika 6 na nusu za mwezi wa nane na dakika 6 na nusu za Januari ni mazoezi mawili tofauti kabisa, hata kama saa ya mkononi inaandika namba moja. Ukilazimisha, ile siku ya mbio nyepesi unaifanya kuwa siku ya mbio ngumu, na mwisho wa wiki unafika umechoka.

Kwa hiyo kimbia kwa pumzi. Ukiweza kusema sentensi nzima bila kukatika, uko sawa, hata kama saa inasema dakika 7 na nusu. Mimi mwezi wa kwanza na wa pili nashuka kati ya nusu dakika na dakika nzima kwa kilomita na wala sijiulizi mara mbili.

Huyo wa Arusha simlaumu. Yeye yuko mita 1,400 juu ya bahari na asubuhi anatoka na sweta. Programu yake ni nzuri kwa Arusha.

Angalia Alphonce Simbu, mkimbiaji wetu wa marathon. Mwezi wa nne 2025, kwenye ubaridi wa Boston Marathon, alishika nafasi ya pili kwa saa 2:05:04. Septemba mwaka huohuo, Tokyo, kwenye joto na unyevu, akawa bingwa wa dunia kwa saa 2:09:48, akimpita Amanal Petros wa Ujerumani kwa kifua, wote muda mmoja. Najua mbio za ubingwa zina mbinu zake na watu huviziana. Lakini joto lilichangia, na wote waliliheshimu. Kama bingwa wa dunia anatumia zaidi ya dakika nne za ziada, na hali ya hewa ikiwa moja ya sababu, wewe na mimi ni nani tusipunguze?

Kisigino

Naunga mkono hoja, ila kuna kitu kimesahaulika. Joto hilihili ni mazoezi. Mimi natoka saa tisa mchana makusudi, jua kali, ili mwili uzoee. Nikifika Moshi naona mteremko. Dada, acha alfajiri, toka mchana.

Nesi wa Zamu

Kisigino, kaka yangu, hapo naomba tusikilizane, maana kuna mtu atasoma hili na kesho saa nane atakuwa barabarani.

Mwili kuzoea joto ni jambo la kweli. Kwa wiki moja hadi mbili za kukimbia kwenye joto, maji ya damu yanaongezeka, jasho linaanza mapema zaidi, chumvi inayotoka nalo inapungua, na mapigo ya moyo yanashuka. Lakini anayetoka alfajiri hapa Dar tayari anakimbia kwenye joto la kutosha. Hayo mazoea anayapata bila kujiweka kwenye nyuzi 32 na jua kichwani kwa saa tatu. Mchana wa hapa kwa mbio ndefu sikushauri, na kwa anayeumwa kichwa mpaka jioni ndiyo kabisa.

Mama Wawili, hicho kichwa na kukosa hamu ya kula vinaonyesha unarudi nyumbani umepungukiwa maji na chumvi. Jipime uzito bila nguo kabla ya kutoka na ukirudi, baada ya kujifuta jasho. Kila kilo iliyopungua ni karibu lita moja. Ukiona umepoteza zaidi ya asilimia 2 ya uzito wako, kunywa yako njiani haitoshi. Ukiona uzito umeongezeka, umekunywa kupita kiasi, na hilo nalo ni hatari.

Hili la pili watu hawaliamini. Kwenye Boston Marathon mwaka 2002 watafiti walipima damu ya wakimbiaji 488 waliomaliza, asilimia 13 walikuwa na sodiamu, yaani madini ya chumvi kwenye damu, iliyoshuka chini ya kiwango, na kilichochangia zaidi ni kunywa maji mengi kuliko jasho lililotoka. Wenye mwendo wa taratibu ndio wanaopata shida hii zaidi, kwa sababu wanakaa njiani muda mrefu na kila meza ya maji wanasimama. Kwa hiyo kunywa mililita 400 hadi 800 kwa saa, kulingana na jasho lako, na yasiwe maji matupu mbio zikizidi saa moja. Pakiti ya ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, kwenye lita moja ya maji inatosha sana, inapatikana kila duka la dawa. Huna pakiti, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi kwenye lita moja ya maji safi, sawazisha vijiko, usirundike. Madafu ni matamu na yana potasiamu, ila sodiamu yake ni ndogo, na sodiamu ndiyo inayotoka kwa wingi kwenye jasho. Kunywa madafu, lakini kula na kitu chenye chumvi.

Mawili ya mwisho, kwa wote. Usimeze dawa za maumivu kama diklofenaki au ibuprofeni kabla ya kukimbia kwenye joto, figo zinaweza kuumia. Na ukirudi nyumbani mwili una homa ambayo haishuki baada ya kupumzika na kuoga, nenda kapime malaria, usijiambie ni jua.

Mwenzenu akianza kuyumba, kuongea ovyo, au hajui yuko wapi, hicho ni kiharusi cha joto na joto lake la mwili linaweza kuwa limepita nyuzi 40. Mvueni nguo za juu, mmwagieni maji ya baridi mwili mzima, barafu shingoni, kwapani na kwenye kinena, mpepeeni bila kuacha huku mwingine anatafuta gari. Mpozeni kwanza, hospitali ifuate. Na msimnyweshe kitu akiwa hajitambui.

Kisigino

Nesi, nimekuelewa. Mchana nitabakiza zile fupi za nusu saa tu.

Mkaa Goba

Mimi nina neno kuhusu njia yako, dada. Ile ya Daraja la Tanzanite ni nzuri kwa macho na kwa upepo wa bahari, lakini ni tambarare na haina kivuli. Jua likishachomoza, pale juu ya daraja hakuna pa kujificha. Moshi utakutana na kitu kingine kabisa. Nusu ya kwanza miguu itakudanganya kwa sababu barabara imelala, halafu unageuzwa kupanda kuelekea Mweka wakati umeshachoka. Waliofanyia mazoezi kando ya bahari tu huishiwa nguvu hapo kwenye ule mpando.

Hamishia mbio ndefu Mlimani, Chuo Kikuu. Kuna miti, kuna vilima vya kutosha, na magari asubuhi ya wikendi ni machache. Faida kubwa ni kwamba unaweza kuzunguka. Weka deli la barafu kwenye gari au mwachie mlinzi unayemfahamu, kila mzunguko unapita unabadilisha chupa, unajimwagia maji kichwani, unaweka kitambaa cha baridi shingoni. Ukizidiwa uko karibu na gari, haupo katikati ya daraja.

Mbio za katikati ya wiki zikate vipande. Mimi siku za mwendo mkali nakimbia dakika tano, natembea dakika mbili, narudia. Miguu inapata kasi yake na joto la mwili halipandi kupita kiasi. Na hiyo jimu usiidharau, siku moja kwa wiki ya mashine chini ya feni inasaidia kutunza mwendo wako wa zamani. Ila usihamie huko moja kwa moja, utakosa kuzoea joto.

Halafu paka mafuta ya mgando mapajani, kwapani na mstari wa sidiria, usichubuke. Mke wangu ananiambia niandike hilo kwa herufi kubwa.

Abuu Sharifa

Vipi sisi tutakaofunga? Ramadhani mwaka huu wa 2026 inaingia katikati ya mwezi wa pili, wiki za mwisho kabisa.

Mzee wa Feri

Abuu, bahati nzuri wiki mbili za mwisho ni za kupunguza, sio za kujaza kilomita. Kazi kubwa yote imalize kabla mwezi haujaandama. Ukianza kufunga, kimbia taratibu dakika 30 au 40 karibu na magharibi, ili ukimaliza futari iko mezani, au toka baada ya tarawehe na wenzako. Daku usiiruke, uji na tende na maji ya kutosha. Siku yenyewe ya mbio, suala la safari na mfungo mwulize shehe wako mapema. Kukimbia 42 bila tone la maji mimi sitamshauri mtu yeyote.

Mama Wawili Tabata

Wakuu, asanteni sana, nimesoma kila neno, na mume wangu nimemsomea ya Nesi mara mbili.

Jana nilijipima kama alivyoelekeza. Nilipungua kilo moja na nusu kwa mbio ambayo hata si ndefu, na njiani nilikuwa nimekunywa chupa ndogo moja tu ya maji matupu. Nina kilo 61, hesabu inajieleza. Leo nimekimbia kwa pumzi, saa nimeigeuza chini ya kiganja, nimechanganya ORS, na mchana nimekula ugali wangu vizuri bila kichwa kuuma. Nimemwandikia wa Arusha kwamba namba za mwendo kwenye programu nitazirudia Moshi, hapa Dar nafuata muda na pumzi. Ameuliza maswali, kisha akakubali.

Shida iliyobaki ni Mlimani. Peke yangu na giza lile sitaweza, na mume wangu yuko kazini Jumamosi.

Mkaa Goba

Jumapili basi. Sisi tunaanzia Mlimani saa kumi na moja na nusu, kuna kina mama kadhaa wanaoenda mwendo wako huohuo wa kuongea, na mke wangu anabaki na gari na deli la barafu. Nakutumia ujumbe pembeni sehemu ya kukutana. Njoo na soksi za kubadilisha katikati, na taulo dogo.