Huyu ni Arion au Limax?

Mvua_ya_Vuli: Wakuu, nina konokono uchi wa kahawia, akijinyoosha anafika sm 10 hivi. Mmoja kaniambia ni Arion kwa sababu ya rangi, mwingine kashikilia Limax, ambazo ni jenasi mbili tofauti. Picha niliyo nayo ni ya mgongoni tu. Niangalie nini?

Babu Darubini: Rangi achana nayo. Arion vulgaris peke yake utamkuta wa chungwa, wa kahawia, hata mweusi. Na hiyo picha ya mgongoni haitusaidii, tuletee ubavu wa kulia.

Nyuma ya kichwa kuna joho, ile ngozi nene. Tulia mpaka apumue, maana ukimchokoza hulifunga tundu la kupumulia usione kitu. Tundu likiwa mbele ya katikati ya joho, umempata Arion. Likiwa nyuma, ni Limax, au jenasi nyingine kama Deroceras na Milax. Kisha tazama mgongo: Milax ana mkuku, yaani tuta lililochongoka, kuanzia kwenye joho hadi ncha ya mkia, Limax anao karibu na mkia tu, Arion mzima hana. Joho la Limax lina mistari kama alama ya kidole; la Arion ni chembechembe.

Mvua_ya_Vuli: Tundu liko mbele, mkuku hakuna. Sasa ni spishi gani?

Babu Darubini: Hapo sasa ni kisu. Hawa wakubwa, A. ater, A. rufus na A. vulgaris, anayekutajia jina kwa picha anabahatisha. Mpasue aliyekomaa, mtoto viungo vyake vya uzazi havijakua. Usitafute uume, Arion hana; manii huyapitisha ndani ya spermatofori, yaani kifuko cha manii. Fungua mrija wa mayai: ukikuta ligula kubwa (mkunjo wa nyama) humo ndani, ni vulgaris. Kwa wale wawili ligula iko kwenye atriamu, chumba cha mlangoni mwa viungo vya uzazi. Ukiwa hapo pasua na joho: Limax ana kigae cha gamba, Arion ana punje za chokaa tu.

kokoto77: Wangu sioni joho wala tundu ubavuni. Ni bapa, mweusi, na mstari mweupe katikati ya mgongo.

Babu Darubini: Joho unaliona, ndilo mgongo wote! Huyo ni wa familia ya Veronicellidae, tundu lake la kupumulia liko nyuma kabisa. Mgeuze: wayo ukiwa mwembamba sana na pembe za chini zimegawanyika nchani, nitamshuku Laevicaulis alte, ambaye asili yake ni Afrika. Weka picha ya tumbo.