Waliotolewa Bagamoyo kwenda kuanzisha misheni ya Mhonda walikuwa huru kweli?

Mjukuu wa Turiani
Wakuu habari zenu, naomba mnieleweshe. Bibi mzaa mama ukimuuliza kabila lake alikuwa anajibu "sisi ni watu wa misheni" basi, haongezi neno. Nimekuja kujua ukubwani kuwa ukoo wake umetokana na watumwa waliokombolewa, wakalelewa na mapadre Bagamoyo, wakaozeshwa afu wakapelekwa bara kufungua kijiji cha Mhonda mwaka 1877, huko milima ya Nguru. Sasa je, walienda kwa hiari yao au walipelekwa tu? Inaniuma kwamba hakuna aliyewahi kutuhadithia.

Mzee wa Pwani
Mjukuu pole, na umeuliza la maana. Mapadre wa Roho Mtakatifu walitua Zanzibar 1863, wakakuta kazi imeshaanzwa na Padre Fava pamoja na masista Mabinti wa Maria kutoka kisiwa cha Réunion, na shirika la hao masista lilianzishwa 1849, mwaka mmoja tu baada ya utumwa kufutwa kisiwani kwao, kwa hiyo hayo mambo waliyajua kwa karibu. 1868 Padre Horner akafungua misheni Bagamoyo. Watoto wengine walinunuliwa palepale soko la Zanzibar, wengine waliletwa na manowari za Waingereza zilizokuwa zinakamata majahazi. Kimbunga cha 1872 kikabomoa karibu kila kitu wakajenga upya.

Wakikua wanaozeshwa, wanapewa nyumba na kishamba. Mpango ulikuwa ndoa kadhaa ziende bara na padre zikaishi kikristo, wenyeji waone wavutike. Mhonda ndio ilikuwa ya kwanza huko bara, baadaye zikaja Mandera na Morogoro. Hiari naona ilikuwa ndogo sana, ila jiulize mtu kauzwa akiwa na miaka sita, kwao hapakumbuki, akitoka peke yake njia ya misafara anakamatwa tena, angeenda wapi?

Dada Katekista
Shikamoo mzee, hapo mwisho nakupinga kidogo. Wapo waliotoroka, na mapadre wenyewe waliandika wakilalamika. Maisha yalikuwa ya kengele, kuamka kengele, sala kengele, shamba la misheni kengele, kutoka mpaka ruhusa. Mimi ni mkatoliki na naipenda imani yangu lakini huo sio uhuru kamili tusifichane. Wenyeji nao wakiwaangalia wanaona hawa ni watumwa wa wazungu tu, nani atavutiwa na hilo? Ndio maana baadaye mapadre waligeukia shule za watoto wa wenyeji na makatekista. Lakini ukweli mwingine ni kwamba bila hizo familia Mhonda isingesimama, wao ndio waliofyeka pori na kujenga, na sifa anapewa padre peke yake.

Mtu wa Karema
Kuna mfano mzuri sana huku kwetu ziwa Tanganyika, Adrian Atiman. Alizaliwa upande wa Timbuktu, akatekwa mdogo, akanunuliwa na Mapadre Weupe (shirika jingine la wamisionari wa kikatoliki), akasomeshwa udaktari Malta, akafika Karema 1889 na akatibu watu hapo mpaka alipofariki 1956. Alioa huku huku, na hakuna mtu Karema anayemwita mtumwa, ni mzee wetu. Nadhani tofauti ni kwamba yeye alipewa elimu na wale wa Mhonda walipewa jembe.

Mjukuu wa Turiani
Jembe na elimu, dah hiyo imenigusa. Asanteni sana. Sasa nitajuaje kabila la asili la bibi?

Mzee wa Pwani
Marahaba dada, nakubali, kwenye kutoroka umenisahihisha. Mjukuu, anzia parokiani, omba kwa heshima uangaliziwe daftari la ubatizo na la ndoa, ukipata jina la ubatizo la babu yake bibi rudi hapa tulifuatilie Bagamoyo. Wengi waliouzwa Zanzibar miaka ile walitoka upande wa Ziwa Nyasa, kwa hiyo kama kuna neno la ajabu bibi alikuwa anawaimbia watoto, liandike kabla hujalisahau.