Eka 5 zilizochoka huku Hai, niache mahindi nichungie ng'ombe na kondoo kwa zamu?

mjukuu_wa_kihamba

Wakuu habari zenu, wakubwa shikamooni. Naomba mawazo yenu na naomba msinicheke.

Marehemu baba alituachia eka 5 huku tambarare, Hai, chini ya barabara kuu upande wa kuelekea uwanja wa ndege wa KIA. Toka niko shule ya msingi tunalima mahindi na maharage pale, sisi wenyewe tunaishi juu Machame kwenye kihamba chetu cha migomba tunashuka tu msimu wa kulima. Sasa shamba limechoka jamani, mwaka jana eka zote tano zimetoa gunia 11, na upepo wa kule mnaujua, mwezi wa nane ukisimama pale unaona kabisa udongo wako unahamia kwa jirani na hausemi hata asante.

Huku juu tuna ng'ombe wawili wa bandani. Kila wiki nanunua mzigo wa kirikuu wa majani kutoka hukohuko tambarare, unapandishwa mpaka kwetu, ng'ombe wanakula, halafu nakodi tena kirikuu kushusha mbolea shambani. Juzi nimekaa nikajiuliza, mimi nabebea ng'ombe chakula na mavi yake pia namshushia, na yeye ana miguu minne!

Nimekuwa naangalia sana video za yule Mmarekani Joel Salatin wa Virginia, anahamisha ng'ombe kila siku kwa waya wa umeme, kuku wanafuata nyuma siku kama tatu baadaye wanachakura mavi wanakula funza, majani yanapumzika yanarudi yamenona. Nikasema hiki ndicho nataka. Mpango wangu ni ng'ombe 4 chotara wa maziwa, kondoo 20, kuku 100, shamba nigawe vipande 30 hivi. Mama anasema ng'ombe wa maziwa kumshusha tambarare ni kumchimbia kaburi. Kuna mtu amejaribu huku kwetu Kilimanjaro au Arusha? Na hizo fensi za umeme zinakubali kwenye vumbi letu hili?

chalii_wa_sakina

Ngoja waje wajuzi, naweka kambi hapa. Ila gunia 11 eka tano pole sana dada.

Kikatiti_Kavu

Dada mimi nipo Kikatiti nina eka 6, mwaka wa nne sasa nafanya hiki unachokiwaza na sijarudi kwenye mahindi, kwahiyo usiogope inawezekana. Ila huo mpango wako wa ng'ombe 4 na kondoo 20 utakuua, na siyo wewe peke yako, hata mimi ulikaribia kuniua.

Shida ya zile video ni mvua. Virginia inanyesha karibu kila mwezi, masika mfululizo tunaweza kusema, baridi ikija wanatoa hei waliyokata. Sisi tuna masika mwezi wa tatu mpaka wa tano, halafu vuli ya Novemba na Disemba ambayo mwaka mwingine inakuja mwaka mwingine inatuma salamu tu. Katikati hapo nyasi haioti hata ukiipumzisha siku 90, unapumzisha vumbi. Kwahiyo kule wanahesabu siku za kupumzisha, sisi tunatakiwa tuhesabu kwanza chakula cha Oktoba.

Fanya hivi. Ng'ombe wa kilo 350 anataka kama kilo 10 za majani makavu kwa siku. Kuanzia katikati ya mwezi wa sita mpaka katikati ya Novemba ni siku 150, hapo ni kilo 1,500 kwa ng'ombe mmoja. Robota la hei likiwa na kilo 15 ni marobota 100. Ng'ombe wako 4 ni marobota 400, na kondoo 20 wanakula kama ng'ombe 2 hivi, weka 200 mengine. Marobota 600 dada, una stoo ya kuyaweka? Una hela ya kuyanunua mwezi wa tisa wakati kila mtu anayatafuta? Mimi mwaka wa kwanza niliingia na ng'ombe 5 kwasababu mwezi wa nne majani yalikuwa yananifika kiunoni nikajiona tajiri, mwezi wa tisa nikauza 3 mnadani mbavu zinahesabika, dalali ananiangalia kama nimeviokota. Hasara hiyo sitaisahau.

Saivi idadi ya mifugo naipanga kwa kuangalia majani yaliyosimama mwisho wa mwezi wa tano. Natembea shamba zima, nakadiria, wanaozidi wanauzwa mwezi wa sita wakiwa bado wamenenepa na bei bado ipo. Hakuna kuwaonea huruma pale. Nusu ya shamba naifungia toka masika katikati, hawaingii kabisa, ile ndiyo akiba yangu ya kiangazi inasimama ikikauka yenyewe, na juu yake naongeza mabua ya majirani wakishavuna, wengine wananiuzia shamba zima ng'ombe wakale mabua hapohapo. Mashudu ya alizeti kidogo kwa anayekamuliwa, na molasi ya kiwanda cha sukari TPC nanyunyizia kwenye mabua maana bila hivyo wanachagua chagua kama watoto.

Mwanzo usigawe vipande 30. Mwaka wa kwanza usichungie kabisa. Najua inauma. Udongo wa mahindi ya miaka yote hiyo umeshindiliwa na hauna mizizi, ukipitisha kwato mapema unamaliza kilichobaki. Panda nyasi za senkrasi mvua za mwanzo za masika, inavumilia ukame kuliko matete, mbegu yake nyepesi kama manyoya, usiifukie, ikizidi sentimita 2 chini haioti, wewe mwaga tu halafu kokota tawi la mgunga juu yake. Iache itoe mbegu ziangushe, kata hei, ndiyo mwaka unaofuata uanze kuingiza mnyama. Mbegu waulize watafiti wa mifugo TALIRI West Kilimanjaro au pale chuo cha mifugo LITA Tengeru watakuelekeza.

Na ukiona gugu karoti ling'oe kabla halijatoa maua, vaa glavu. Kwangu liliingia na mzigo wa hei niliyonunua, mkono uliniwasha wiki nzima na maziwa yakawa machungu wateja wakaniuliza nimeweka nini.

dawa_na_josho

Mimi ni mtu wa mifugo, niko huku huku Hai. Mama yako dada yuko sahihi kabisa kwa upande mmoja, tena msikilize.

Mtamba aliyezaliwa bandani Machame akaletewa majani mpaka mdomoni hajawahi kukutana na kupe wa maana. Ukimshusha tambarare wiki ya kwanza anakutana na yule kupe wa masikio anayeleta ndigana kali, na hana kinga yoyote. Tezi ya chini ya sikio inavimba, homa kali, hali, anahema kama amekimbia, mwisho povu puani. Dawa yake ipo ila ni ghali na ukichelewa siku mbili tatu unatupa hela. Chotara na wa kisasa ndiyo wanakufa haraka zaidi, wa kienyeji wa hukohuko kidogo anavumilia.

Suluhisho lipo, chanjo ya ndigana kali. Anachanjwa mara moja, pamoja na sindano ya antibiotiki ya muda mrefu siku hiyohiyo, anawekwa hereni. Ila dozi zinakuja mrija mmoja kwa ng'ombe wengi na ukishayeyushwa haurudishwi, kwahiyo huwezi kumwita mtu kwa ng'ombe wako wawili, jiungeni majirani. Fanya kabla ya kuwashusha, wakae juu wapone kabisa. Na kuchanja hakuondoi kuogesha, kuna ndigana baridi, kuna mkojo mwekundu, kuna maji moyo, hizo chanjo hiyo haizigusi. Watu wengi wanaogesha mgongo wanaacha masikio, bomba lipige ndani ya sikio na chini ya mkia, huko ndiko wanakojificha.

Halafu kuna uongo unasambaa kwamba ukizungusha malisho kupe wanakufa njaa. Hapana. Kupe anakaa kwenye majani miezi mingi anasubiri, hizo siku za kupumzisha kipande kwake ni usingizi wa mchana. Minyoo ndiyo inasaidika, hasa jua likiwa kali, maana vile vidudu vinakaa chini kwenye shina la nyasi palipo na unyevu, kwahiyo ukiwatoa kondoo kabla hawajala mpaka karibu na udongo umepona nusu ya tatizo. Acha nyasi kimo cha kiganja. Ukipitisha ng'ombe kwenye kipande walichotoka kondoo ni vizuri pia, minyoo mingi ya kondoo ikiliwa na ng'ombe inaishia hapo.

Kondoo chukua wale wekundu wa Kimasai au mchanganyiko wao na Dopa, wale kondoo wa kisasa wa nyama. Dopa halisi anapendeza machoni ila minyoo ikija masika unamzika. Yule mwekundu ana asili ya kuhimili minyoo inayonyonya damu. Usinyweshe dawa kundi zima kila mwezi, geuza kope la chini la kila mmoja, likiwa jekundu mwache, likiwa jeupe kama karatasi mpe dawa. Ukiwapa wote kila mara unazalisha minyoo sugu, na dawa zingine zinatoka na mavi zinaua wale wadudu wanaobingirisha mavi, sasa udongo wako utalishwa na nani.

ndizi_na_mbege

Mimi sikubaliani na nyie wote. Wachagga tumefuga bandani vizazi na vizazi mbolea inaingia kwenye mgomba, mgomba unatoa majani anakula ng'ombe, hakuna kupe hakuna mwizi. Dada fanya eka 5 ziwe shamba la nyasi, kata hei uza, ng'ombe wabaki juu. Hayo ya kuzungusha ni ya wazungu wenye maeneo makubwa.

Ole_wa_Meserani

Ndizi_na_mbege kaka kwa heshima, hayo siyo ya wazungu. Sisi Wamasai tuna alalili, kipande karibu na boma kinafungwa masika nzima, kundi kubwa linaenda mbali, kiangazi kikifika kinafunguliwa kwa ndama na wagonjwa na wale wanaonyonyesha. Ukiingiza ng'ombe wako mle kabla ya muda wazee wanakupiga faini ya mnyama na unamtoa huku unatabasamu. Anachofanya huyo wa Kikatiti kufungia nusu ya shamba ni alalili tu ila ina waya. Ukame wa 2009 hata aliyefunga alipoteza, lakini kuna aliyebaki na wachache na kuna aliyebaki na ngozi tu.

Dada kuku waache kwanza. Kule wazi kuna mwewe, kuna kicheche, na kuna binadamu.

Kikatiti_Kavu

Ole umenena. Kuku nakubaliana, mimi nilianza na 30 kwenye kibanda cha magurudumu ya guta, wanachakura mavi kweli na nzi wamepungua, ila lazima mtu alale shambani. Na chanjo ya mdondo (kideri) kila miezi mitatu, tone la jicho, ukisahau mara moja umemaliza.

Ndizi_na_mbege wazo la kuuza hei siyo baya kwa mwaka wa kwanza, ila ukikata na kupeleka nje kila mwaka bila kurudisha mbolea shamba litachoka vilevile kama lilivyochoka na mahindi. Yeye shida yake ndiyo hiyo hiyo.

fundi_wa_sola_Moshi

Kuhusu fensi. Inakubali, ila wengi wanaonunua huku wananipigia simu mwezi wa nane wanasema mashine mbovu, ukienda unakuta mashine nzima, udongo ndiyo umekauka. Shoti inatoka kwenye waya inapita kwa ng'ombe inaingia ardhini inarudi kwenye mashine kupitia nondo ya ethi, sasa ardhi ikiwa kavu kama tofali safari inakatikia njiani, ng'ombe anaegemea waya anapita zake. Piga nondo tatu ndefu zilizochovywa zinki zisishike kutu, mbali mbali mita tatu hivi, ziweke mahali unapomwaga maji ya kunyweshea pawe na unyevu muda wote. Ikishindikana vuta waya wa pili chini uwe ni ethi, mnyama akigusa zote mbili anapata salamu kamili bila kutegemea ardhi.

Kondoo wafundishwe kwanza ndani ya uzio wa kawaida siku mbili tatu wagonge waya kwa pua. Na mashine na betri usiache shambani usiku bila mtu.

Halafu hakuna aliyeongelea maji! Ng'ombe anayekamuliwa anaweza kumaliza lita 60 kwa siku na joto lile la KIA inazidi. Una kisima au unategemea mfereji?

mjukuu_wa_kihamba

Jamani aikeni (asanteni) sana, nimesoma uzi mzima mara mbili na mama nimemsomea kwa sauti, kwenye ile sehemu ya mtu wa mifugo alicheka akasema "nilikwambia nini", sasa nitaishije humu ndani.

Nimepiga hesabu za Oktoba na kwa kweli nilinyamaza. Nimeamua masika hii napanda senkrasi eka 3, eka 2 kaka yangu ameng'ang'ania mahindi, sawa, mabua yatakuwa yangu tumeandikishana kabisa. Mwakani nashusha ng'ombe mmoja kati ya hao wawili wetu baada ya chanjo, na kondoo wekundu 6. Kuku hakuna. Majirani watatu wamekubali kuchanja pamoja, jumla tuna ng'ombe 14, dawa_na_josho hiyo idadi inatosha kufungua mrija?

Fundi wa sola, maji ni mfereji wa zamu, tunapata Jumanne na Ijumaa usiku. Itabidi nijenge tenki kwanza kabla ya hata hiyo fensi si ndiyo?

fundi_wa_sola_Moshi

Ndiyo. Tenki kwanza, tena la lita 5,000 kushuka chini usijenge. Na nondo za ethi zipige pale linapovuja.

dawa_na_josho

14 bado wachache, bei itawaumiza. Ongea na afisa mifugo wa kata yako akuunganishe na wa kijiji cha pili, mkifika 30 na kitu mnagawana vizuri. Na ndama wakiwepo waingizeni haohao.

chalii_wa_sakina

Kumbe kondoo wanageuzwa kope. Mimi wa kwangu nawaangaliaga meno tu.