Mliopata mtoto kwa yai la kuchangiwa, au mliochangia: tupeane uzoefu (Uganda)

MamaKiira, Jinja

Habari zenu ndugu. Miaka mingi nimekuwa msomaji wa kimya hapa, nikitafuta mtu aliyepita nilikopita. Nimekuta minong'ono tu. Basi naanza mimi.

Hedhi yangu ilianza kuruka nikiwa na miaka 36. Nilidhani ni mimba, nikafurahi wiki nzima. Kumbe sivyo. Damu ilipopimwa AMH, kile kipimo cha akiba ya mayai, majibu yalikuwa karibu na sifuri. Mwanamke huzaliwa na mayai yake yote, kama milioni 1 hadi 2, na hakuna mengine yanayotengenezwa baadaye. Yangu yalikuwa yameisha mapema. Lakini daktari akaongeza kwamba mji wangu wa mimba ni mzima kabisa, unaweza kubeba. Sikujua kwamba viwili hivyo haviendi pamoja. Miaka yote nilikunywa mitishamba "ya kufungua kizazi", na kizazi hakikuwa kimefungwa.

Tuliuza kiwanja. Yai lilitoka kwa msichana ambaye sikuonyeshwa, mbegu za mume wangu, vikakutanishwa maabara. Mimi nilikuwa nameza homoni ya estrojeni kuandaa ukuta wa kizazi, kisha homoni ya projesteroni. Siku ya 5 kiinitete, yaani yai lililokwisha kurutubishwa na kuanza kukua, kikawekwa. Kuwekewa kwenyewe ni dakika chache, hata usingizi hawakunipa. Kilichonimaliza ni zile wiki 2 za kungoja kipimo.

Binti yetu sasa ana miaka 2. Nilimbeba mimi, uchungu niliusikia mimi. Siku ya kwanza mama mkwe alimtazama akasema, "Macho haya ni ya ssenga wake," yaani shangazi yake. Nikageukia ukutani nikalia, kwa sababu nilikuwa nimekaa miezi 9 nikijiuliza atafanana na nani.

Nauliza: ninyi mlimwambia nani? Na mtoto mwenyewe mtamwambia lini?

Ssalongo_Mukono

Dada, nakupongeza kwa kusema. Sisi tuna mapacha, Wasswa na Nakato, kwa njia hiyo hiyo.

Mimi ni Muganda, na kwetu mtoto hufuata ukoo wa baba, kwa hiyo upande wangu hapakuwa na swali. Swali lilitoka kwa mke wangu: Muganda haoi katika ukoo wake, wala katika ukoo wa mama yake. Watoto hawa wakikua, ukoo wa mama ni upi? Wa aliyewazaa au wa aliyetoa yai? Tulikaa na jambo hilo wiki kadhaa. Hatimaye tuliomba kliniki itupe kabila na ukoo wa mchangiaji, bila jina lake. Tumeziandika koo zote mbili, wa mke wangu na wa mchangiaji, na kuzihifadhi pamoja na hati zao. Wakifika umri wa kuoa na kuolewa, wataepuka koo zote mbili. Kwetu ni uzito, lakini tunaubeba kwa hiari.

Jambo la pili msilisahau ni siko seli. Mimi nina AS, yaani nimebeba kinasaba kimoja cha ugonjwa huo bila kuugua. Mchangiaji angekuwa AS pia, kila mimba ingekuwa na nafasi 1 kati ya 4 ya mtoto mwenye SS, yaani mgonjwa. Ukimwi na homa ya ini watapima wenyewe. Hili la siko seli ulizeni kwa mdomo wenu, mwone na karatasi.

Na kama mnaweza, kubalini kiinitete kimoja. Sisi tuliomba viwili kwa sababu ya fedha. Mke wangu alipandwa na presha, watoto wakatolewa wiki ya 34. Baadaye tukaelezwa kwamba mimba ya yai la kuchangiwa ina hatari zaidi ya kifafa cha mimba hata ikiwa ya mtoto mmoja. Ningelijua hilo mapema, nisingelisisitiza viwili.

Hajati_Bombo

Asalaam alaykum. Mimi sikufika huko, na naomba niseme kwa nini, bila kumhukumu mtu. Wanazuoni wengi wa Kisunni hawaruhusu mtu wa tatu kuingia kati ya mume na mke, na mimi na mzee wangu tulishikilia hapo.

Ila nina neno kwa wote: hakikisheni kwanza shida ni nini. Mimi niliambiwa "nenda katafute yai" na mtu ambaye hakunipima. Nilipopimwa sawasawa, mayai yalikuwepo, mirija ndiyo imeziba kwa maambukizi ya zamani. Mirija ikiziba, IVF, yaani kurutubisha yai maabara, hufanywa kwa mayai yako mwenyewe. Tulijaribu mara 2, Mungu hakujalia. Tunalea mtoto wa marehemu dada yangu, anaitwa kwa jina la baba yake.

Akello_mgeni

Nina miaka 49. Nasikia kuna bibi wa miaka 70 alijifungua Kampala?

MamaKiira

Ni kweli, dada. Safina Namukwaya, Novemba 2023, mapacha, msichana na mvulana, kwa yai la kuchangiwa. Lakini usimchukue yeye kama kipimo chako. Yai la msichana linaondoa tatizo la umri wa mayai, haliondoi umri wa moyo wako, presha wala sukari. Pima hivyo kabla ya kutoa hata shilingi.

Mchangiaji26

Nimesita sana kuandika. Mimi niko upande wa pili. Nilitoa mayai Kampala, nikiwa tayari na mtoto mmoja.

Ni sindano za tumboni siku 11, altrasaundi kila baada ya siku mbili tatu, sindano ya mwisho usiku kwa saa waliyoitaja. Baada ya saa 36 wakanilaza usingizi, wakavuta mayai kwa sindano kupitia ukeni. Yalikuwa 14. Hapo sikuumia.

Shida ilianza siku ya 4. Tumbo likajaa kama mimba ya miezi mitano, mkojo ukapungua, kulala chali siwezi kupumua. Nilipiga simu, nikajibiwa ni gesi. Dada yangu akanipeleka hospitali nyingine kwa boda usiku. Ovari zilikuwa zimechochewa kupita kiasi, maji yamejaa tumboni. Nililazwa siku 3 na bili tulilipa sisi. Mahali penyewe sipataji.

Mnaotafuta mchangiaji, ulizeni kliniki: akiugua atatibiwa na nani, kwa fedha za nani? Mwaka 2023 Mheshimiwa Sarah Opendi wa Tororo alipeleka bungeni muswada wa kusimamia mambo haya ya uzazi wa kusaidiwa. Nilifuatilia mjadala kwa hamu. Ninachotaka kuona kwenye sheria ni msichana aliyelala pale kitandani, pamoja na wenye kutafuta mtoto.

MamaKiira

Mdogo wangu, nimesoma maneno yako mara tatu. Sikuwahi kuuliza aliyetupa sisi alirudije nyumbani. Nakuomba msamaha kwa niaba yetu.

Kuhusu mtoto, mimi na baba yake tumekubaliana tusisubiri akue. Tutaanza na maneno madogo: mama hakuwa na mbegu, mwanamke mmoja mwema akampa. Ssenga wake tayari tumemwambia, maana kwetu yeye ndiye atakayeulizwa. Alinyamaza kidogo, kisha akasema macho bado ni yake.

Nikuulize na wewe, ukipenda kujibu. Ungetaka kujua chochote?

Mchangiaji26

Jina sihitaji, wala picha. Ningependa tu kujua kama alizaliwa salama.